Rafu ya Mninga Mlangoni mwa Maabara

Habari ilinikuta Madale, ofisini kwangu, nikiwa nimeinua chupa ya maji ya kisima cha mteja kuitazama dirishani. Mtaalamu wangu wa maabara, binti niliyemsaili mwenyewe na kumwajiri mwenyewe, aliweka simu mezani, akavua glavu, akasema, "Bosi, Madam katutoka." Hakuhitaji kutaja ni madam yupi. Kwetu sisi wawili madam ni mmoja, mwalimu wa kemia wa sekondari moja kule Temeke, aliyemfundisha binti huyu kushika bureti na kunifundisha mimi kukaa chini. Niliiweka ile chupa. Binti alilia kidogo, akajifuta, akavaa glavu nyingine mpya, akarudi kwenye kipimo chake. Nikamwambia aende nyumbani, kazi itasubiri. Akanijibu, "Nikiacha katikati itabidi nianze upya, na Madam angenicheka." Nikajua basi kwamba nina safu ya kuandika wiki hii, na kwamba haitakuwa safu ya kilio.

Wasomaji wangu wa kudumu mnanijua. Siandiki tanzia, kwa sababu watu wengi wakifa tunawapaka sukari mpaka wao wenyewe wasingejitambua. Mimi ni mtu wa vipimo. Niliondoka Temeke na begi moja la mgongoni, nikaosha vyombo kwenye nchi za baridi, nikasoma jioni kwa lugha ya watu, nikatoka na stashahada ya teknolojia ya maabara, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa ambako hakuna tone lililotoka getini bila saini yangu. Kisha nikarudi. Wenzangu wengi hawakurudi. Mimi nimejenga kilimani Madale, nina maabara yangu ya kupima maji ya visima, na watu wenye digrii mbili hunipigia simu kuuliza maji yao yana nini. Nasema haya si kwa kujisifu tu, ingawa sioni ubaya wa mtu kujisifu kwa alichokitafuta kwa jasho lake. Nasema ili mjue kwamba ninapomsifu mtu wa maabara, najua ninachokisifu. Na yule mwanamke alikuwa moto!

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara kuu. Kwao ni Masasi, kwenye ukoo mmoja ambao upande huu wanakwenda kanisani na upande ule wanakwenda msikitini, na Krismasi na Idi zote huliwa kwenye sinia lilelile. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kwaya, sauti ya kwanza, na rozari yake ya mbao haikumtoka shingoni. Nilikutana naye nilipokwenda shuleni kwake kutoa msaada wa vyombo vya maabara nilivyovileta kutoka ughaibuni. Nilitegemea hotuba, watoto wakiimba, labda picha. Madam alifungua boksi, akatoa bureti moja baada ya nyingine, akazijaza maji, akazitundika, akazitazama mojamoja. Mkuu wa shule alikuwa anatafuta maneno ya shukrani. Madam akainua moja. "Kaka, hii inavuja. Umetuletea zawadi au umetuletea taka?" Nilicheka mpaka mkuu wa shule naye akapata ruhusa ya kucheka. Nilizibadilisha zilizovuja, zote, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kupigiana simu.

Sasa niwaeleze kisa chenyewe, maana ndicho kilichomfanya Madam awe Madam. Darasa la kidato cha nne lilikuwa linajiandaa na mtihani wa majaribio wa vitendo. Ni lile zoezi ambalo kila aliyesoma kemia analikumbuka: tindikali iko kwenye bureti, ambayo ni mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini, unaidondosha kidogo kidogo kwenye chupa yenye besi, kinyume cha tindikali, mpaka rangi igeuke, kisha unasoma umetumia kiasi gani. Ukikosea kidogo tu, hesabu yote inakwenda mrama. Sasa binti mmoja, msichana hodari aliyekuwa anategemewa kuongoza darasa, alipata majibu ya ajabu. Madam alirudia hesabu zake akaona hazina kosa. Kosa lilikuwa kabla ya hesabu. Binti alikuwa ameingia na kichupa cha maji ya upako aliyopewa na mama yake kutoka kanisani kwao, na kwa siri, huku midomo ikicheza kwa sala, akayatumia kusuuzia bureti ili mkono wake usitetemeke. Akayaacha mengine humo ndani, akamimina tindikali juu yake. Tindikali ikapungua nguvu, na maksi zikapungua nazo. Na hakuwa peke yake. Meza ya pili kijana mmoja alikuwa na kichupa cha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, bado hajakifungua. Madam alimpa binti maksi alizostahili, ambazo zilikuwa chache, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo vichupa vyote vibaki nje ya mlango wa maabara.

Mnaijua Temeke. Neno likitoka shuleni saa nne, saa sita liko sokoni, na likifika huko limeshaota mapembe. Ilisemekana Madam amesema maji ya upako ni machafu. Ilisemekana amemwaga kombe kwenye sinki. Ilisemekana anawafundisha watoto kwamba hakuna Mungu, yeye ambaye Jumapili ungemsikia akiimba ukiwa kituo cha pili. Mama wa binti, mwanamke mwenye biashara ya juisi ya ukwaju pale Buguruni, alikusanya wazazi wenzake wa kanisani. Baba wa yule kijana wa kombe, ustadhi wa madrasa, akakusanya wa kwake. Kwa mara ya kwanza pande hizo mbili zikakubaliana jambo: Madam aondolewe shuleni. Mkuu wa shule, mtu mwema lakini mwoga, aliitisha kikao cha wazazi na akamdokeza Madam kabla hakijaanza kwamba wazazi wakishikilia msimamo, yeye hataweza kumtetea, ataomba ahamishwe. Madam alinipigia simu. "Kaka, njoo. Leo nafundisha au nafunga virago." Ninajua sasa alichokuwa anaogopa zaidi. Ilikuwa katikati ya mwaka, kidato cha nne kilikuwa hakijamaliza mada nusu, na shuleni hapo hapakuwa na mwalimu mwingine wa kemia.

Nilikwenda nimejiandaa. Ndani ya begi langu nilikuwa na kipimo cha maji, cha kisasa, kinachokupa jibu kabla hujafumba jicho. Ukumbi ulikuwa umejaa, joto la kutosha kuivisha mkate. Mama wa Buguruni alisimama na kichupa mkononi, akakiinua juu.

"Mie si msomi," alisema, "lakini mwanangu huyu nimemzaa kwa maombi, nimemlea kwa maombi, na mtihani ataufanya kwa maombi. Madam amemvua mwanangu kinga, kampa na maksi za aibu juu. Sasa nauliza mbele ya wazazi wote. Maji haya yana ubaya gani?"

Ukumbi ulipiga makofi. Hapo nikasimama mimi, nikatoa kipimo changu. "Mama, shikamoo. Hilo swali lina jibu. Nipe hicho kichupa, hapahapa, mbele ya wote, tutajua kina nini ndani na kama kina tofauti na maji ya bomba."

Wasomaji, ukumbi ulilipuka. Mtu nyuma akapiga kelele, "Anataka kumpima Mungu na rimoti!" Wengine wakacheka, wengine wakasimama. Na katikati ya makelele hayo ikapanda ile sauti ya kwanza ya kwaya.

"Kaka, kaa chini! Na hicho kidude kirudi kwenye begi."

Nilibaki nimesimama. Sijazoea kuambiwa kukaa chini.

"Kikisema maji haya ni sawa na ya bomba," Madam aliniuliza, "mama huyu atakuwa amepata nini? Na kikisema yana tofauti, wewe utakwenda kubatizwa leo?"

Kicheko kilichofuata kilinikalisha. Hata mama wa Buguruni alicheka, ingawa alijitahidi kuficha kwa kanga. Madam akamgeukia yeye.

"Mama, shikamoo. Juisi yako ya ukwaju naijua, nimekunywa. Nzito, haichezewi. Sasa nambie, ukiosha jagi, ukaacha maji kidogo chini, ukamimina juisi humo, glasi ya kwanza inakuwaje?"

"Chapwa," mama alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Mteja atasemaje?"

"Atasema nimeichakachua. Mie jagi nikishaliosha nalisuuza na juisi yenyewe, namwaga, ndipo natia."

"Hivyohivyo ndivyo inavyosuuzwa bureti. Kwa tindikali yenyewe. Na kama maji yaliyobaki chini ya jagi ni ya bomba?"

"Chapwa."

"Na kama ni ya kununua dukani, ya chupa?"

"Chapwa vilevile."

Madam akakionyesha kidole kile kichupa. "Na kama ni ya upako, mama?"

Mama alikitazama kichupa chake. Alimtazama binti yake aliyekuwa amekaa pembeni na wanafunzi wenzake, ameinamisha kichwa. Akamwuliza, "Uliyatia kwenye mrija?" Binti akaitika kwa kichwa. Mama akavuta pumzi. "Mie nilikupa unywe, mwanangu! Nani kakwambia uoshee vyombo?" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na binti naye akacheka huku analia.

Lakini ustadhi hakucheka. Alisubiri watu watulie, akasimama na kusema kwa adabu, na nakiri hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ya wote. "Mwalimu, la mrija tumelielewa. Kinachoniuma mimi ni neno lako la mlangoni. Kitu chenye maneno ya Mwenyezi Mungu kikae nje kama viatu? Viatu tunaviacha nje kwa kuwa vina uchafu. Kwa hiyo watoto wetu utakuwa umewafundisha nini?"

"Ustadhi, nifundishe wewe," Madam alijibu. "Mtu akiwa na msahafu mkononi, au pete yenye jina la Mungu, akataka kuingia msalani, anafanyaje?"

"Anauacha nje. Haingii nao."

"Kwa kuwa ni mchafu?"

"Astaghfirullah! Kwa kuwa ni mtukufu. Kule si mahali pake."

"Basi, ustadhi, umeshanijibia. Mle ndani kuna tindikali inayotoboa nguo. Kuna kumwagika, kuna kuchoma, kuna kutupa. Na kuna jambo moja kubwa zaidi. Kila kinachoingia mle ndani lazima kipimwe. Ndiyo sheria ya chumba kile, sina nyingine. Mkileta maji yenu ndani, siku moja mtoto mtundu atayapima, na huyu kaka yangu atampa kidude. Mimi sitaki imani yenu ipimwe na watoto wa kidato cha nne. Nawalindia. Iacheni mlangoni, na mkitoka muichukue ileile."

Tabasamu likamtoka ustadhi upande mmoja wa mdomo. "Ina maana, mwalimu, maabara yako ni choo?"

"Ikipita siku mbili mwanao hajafagia, ustadhi, inakaribia!"

Kikao kilikwisha hapo, kwa kweli, ingawa mkuu wa shule alizungumza baadaye kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyetaja tena kuhamishwa. Nilipokuwa natoka, Madam alinifuata hadi kwenye gari langu, na nilidhani anakuja kunishukuru kwa kufika. Alikuja kuniambia, "Kaka, nataka rafu pale mlangoni, ya kuwekea vitu vya watu kwa heshima, si kuvitupa chini. Na ikishafika, ya kwanza kuwekwa iwe dharau yako." Nilimjibu kwamba rafu ataipata, na itakuwa rafu ambayo hata ikulu wataitamani. Nilikwenda Mwenge kwa wachongaji, nikachagua mninga mwenyewe, nikasimamia kazi mwenyewe, nikaibeba mwenyewe. Mchongaji aliuliza ni ya nini. Nilipomweleza, aliinakshi pembeni kwa majani na maua, akakataa kuchonga msalaba wala mwezi. "Ikiwa ya wote, iwe na kivuli cha majani tu," alisema. Ilipopigiliwa ukutani, Madam alivua rozari yake shingoni, akawa wa kwanza kuweka kitu juu yake, akaingia darasani. Alipotoka akaichukua, akaivaa. Akaweka na sheria: kila mtu huchukua chake mwenyewe, na hakuna mwenye ruhusa ya kugusa cha mwenzake. Tangu hapo ikawa desturi. Rozari, tasbihi, hirizi, vichupa, kalamu zilizoombewa, vyote vilipumzika pale wakati wenye navyo wakipima.

Na mimi hapa niseme kilicho moyoni, kwa kuwa jambo hili linanisisimua kila ninapolifikiria. Tunagombana sana siku hizi kama dini ina nafasi kwenye elimu ya sayansi. Upande mmoja unataka kila somo lifunguliwe na kufungwa na Mungu, hadi jedwali la elementi. Upande mwingine, na nimekaa nao sana kule nilikokuwa, unataka mtoto avuliwe kila alichokuja nacho kutoka nyumbani kabla hajaruhusiwa kugusa darubini. Kule kiwandani nilikuwa na mzee mmoja, mwenyeji wa hukohuko, aliyefumba macho na kusali kabla ya kila mlo. Vijana walimcheka. Lakini maziwa yakiharibika alikuwa wa kwanza kuyakataa, na hakuna sala aliyoisoma ili yawe mazima. Wale waliomcheka, mara mbili niliwakuta wakipitisha kipimo kibovu ili wawahi mpira. Niliporudi nyumbani nikaona kitu kilekile kwa sura nyingine. Mteja wangu mmoja hapa Madale alipotaka kuchimba kisima, alimleta kwanza mzee wa kutafuta maji kwa kijiti cha mpera, halafu mchungaji akafanya maombi, halafu nikafika mimi na mitambo yangu ya kutafuta maji ardhini. Maji yalitoka, mengi, matamu. Sherehe ilipofanyika, wote watatu tulisimama kupokea makofi, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni! Nilimpigia Madam kumsimulia, nikitegemea aniunge mkono. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Dua ni ya mwenye kisima," akasema, "kipimo ni cha kisima. Ungekuwa umewaza vizuri usingegombania makofi na mchungaji. Yeye alikuja kumtuliza mtu, wewe ulikuja kulitafuta tabaka la maji. Mmegongana wapi?"

Hilo ndilo alilolijua yule mwanamke, na ndilo ninaloamini. Dini ina kipindi chake shuleni, na iwe nacho, na kifundishwe vizuri na watu wanaokijua. Mtoto aingie shuleni na imani yake kama alivyoingia na jina lake. Lakini jaribio la kisayansi halina dini, kama vile mizani ya dukani haina kabila. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wanamfuata Madam, ingawa yeye ni wa kemia, wakitoka kwenye somo la historia wamesoma asili ya binadamu na zile habari za watu wa kale wa huko Olduvai. "Madam, tuamini lipi? Nyumbani tumeambiwa Adamu." Aliwajibu jibu lilelile miaka yote. "Karatasi ya mtihani inakuuliza wanasayansi wamegundua nini na kwa ushahidi gani. Haikuulizi unasali wapi. Jibu ulichoulizwa. Na ukielewe barabara, maana hata anayetaka kukikataa sharti akijue kwanza." Mwalimu mmoja kijana wa mafunzo ya vitendo alisikia hayo, akadhani amepata mwenzake, akaanza kuwatania watoto wenye hirizi mbele ya darasa. Madam alimsimamisha palepale. "Kijana, umeona rafu pale mlangoni? Kejeli zako zimepita bila kukaguliwa. Rudi ukaziweke." Na yule kijana alitoka kweli, akasimama mbele ya rafu kwa muda, akarudi. Madam hakutaka mtoto achague kati ya mama yake na bureti. Kila mara tunapomlazimisha mtoto achague, anachagua mama. Na sisi tunapoteza mkemia.

Yule binti hatukumpoteza. Alisuuza bureti yake kwa tindikali, alifaulu, akasoma, na leo ndiye niliyewaambia mwanzo, mtaalamu wangu, bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi pande zote mbili za dunia. Kichupa chake anacho mpaka leo. Kipo kwenye kishubaka cha ukutani nje ya mlango wa maabara yangu, na mimi, mwenye maabara, nimekipiga kishubaka hicho rangi mwenyewe.

Madam alianguka akiwa kazini, katikati ya kipindi maabara, chaki mkononi. Watoto walimbeba hadi kwenye gari la mwalimu mwenzake, akapelekwa hospitali, na hakurejea. Siku ya kumsindikiza, jeneza lilipitishwa shuleni kwanza kabla ya kanisa. Tulijaa uwanja ule, wazazi wa zamani na wa sasa, kwaya kwa sare, vijana wa madrasa kwa kanzu. Walipofika mlangoni mwa maabara wabebaji wakasimama, na hapo ndipo wote tulipoiona. Juu ya rafu ya mninga, pale pembeni kwenye majani na maua, ilikuwa rozari yake. Aliivua kama kawaida siku ile, akaingia, na alitolewa amebebwa. Hakuna aliyeigusa. Kiranja wa darasa alituambia kwa sauti ya chini kwamba walikuwa wanafagia pembeni yake kila asubuhi. "Sheria ya Madam," alisema. "Kila mtu huchukua chake mwenyewe."

Wakubwa tukabaki tumetazamana. Mkuu wa shule alinitazama mimi, kwa kuwa rafu ni yangu. Mimi nikamtazama ustadhi, ambaye ndevu zake sasa ni nyeupe. Ustadhi akasema, "Mali ya mtu hupelekwa na mtu wake." Na kabla hatujaamua nani, mama wa Buguruni akapita katikati yetu. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaichukua ile rozari kwa mikono miwili kama mtu apokeaye mtoto mchanga. "Huyu kaniwekea cha mwanangu hakikupotea," alisema. "Leo zamu yangu." Akasogea kwenye jeneza lililofunguliwa kidogo kwa ajili yake, akaisokota kwenye vidole vya Madam. Kwaya ikapaza wimbo, na nawaapia sauti ya kwanza haikupungua, ingawa mwenyewe alikuwa amelala.

Nilirudi Madale sina huzuni. Nilikuwa na moto kifuani, ule wa mtu aliyeona jaribio likifanikiwa mbele ya macho yake baada ya miaka. Ndugu zangu waalimu, wazazi, wachungaji na mashehe, msiogope sayansi itawanyang'anya watoto wenu, na nyie wa sayansi msiogope sala ya mtoto. Wekeni rafu, na iwe nzuri, iwe ya mbao ngumu. Mtu anayekwenda kupima ukweli kwa mikono mitupu hajamkana Mungu wake. Amemwacha mahali salama tu. Rozari ya Madam ilimngoja mlangoni siku zote zile, watoto wakiingia na kutoka, na alipoletewa ilikuwa ileile aliyoivua, haijapungua hata punje moja.